Askari wangu hawalali, wanaumia miguu na adhabu haisaidii: nianzie wapi?

"Daktari, mimi ni sajini mwenye platuni ya askari 32, wengi wao wa miaka 19 hadi 26. Siku sita kwa wiki tunakimbia kilomita 8 alfajiri, kundi moja, kasi moja, hakuna kubaki nyuma. Hata hivyo watano wameshindwa kipimo cha mwisho cha ukakamavu, na saba wako kwenye orodha ya wagonjwa kwa maumivu ya miguu. Usiku wakitoka lindo wanakaa na simu, asubuhi wanajiamsha kwa vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Karibu nusu wanavuta sigara, na mimi navuta. Kila Ijumaa nawapa somo la afya. Anayekosea anapiga pushapu au anaongezewa mbio. Hakuna kinachobadilika. Wawili waliokuwa bora kuliko wote siku hizi wamenyamaza na wanakunywa pombe. Je, niongeze mazoezi, nikaze adhabu, au kuna njia nyingine?"

Afande, nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani unalalamikia uvivu. Sivyo. Unaona vijana wako wanachakaa mbele ya macho yako, na kila dawa unayoijua, ambayo bila shaka ndiyo uliyopewa wewe ulipokuwa kuruta, umeshaitumia ikagoma. Basi nikujibu moja kwa moja: usiongeze mazoezi, na adhabu usiikaze. Karibu kila jambo ulilolitaja linatokana na ratiba, na sehemu kubwa ya ratiba hiyo iko mikononi mwako. Hiyo ni habari njema, kwani ratiba hubadilika haraka kuliko tabia ya mtu.

Nianze na usingizi, maana mengine yote yameegemea hapo. Jeshini kuna imani kwamba askari akizoeshwa kulala kidogo mwili wake unakubali. Haukubali. Tangu mtu anapoamka, ubongo wake hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo usingizi unavyomwelemea. Kulala ndiko kunakoisafisha. Akilala nusu, husafisha nusu, na salio linavuka kwenda kesho. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu wenye afya waliruhusiwa kulala si zaidi ya saa 6 kwa usiku kwa siku 14 mfululizo. Kufikia mwisho, makosa yao kwenye vipimo vya umakini yalilingana na ya mtu aliyekesha usiku mzima. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba wao wenyewe hawakuhisi wameporomoka kiasi hicho. Kwa hiyo askari wako anapokuambia "niko sawa, afande", hakudanganyi, ila kipimo anachojipimia kimeharibika pamoja naye.

Kukaa macho saa 17 mfululizo humfikisha mtu kwenye uzito wa mikono na wa fikra unaokaribia wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva kuendesha gari. Askari wako wanabeba silaha zenye risasi.

Sasa hebu tumfuate mmoja wao usiku mmoja. Amelala saa nne. Saa sita kasoro anaamshwa kwenda lindo, anatoka saa nane, anashika simu nusu saa mpaka mwili utulie, na saa kumi na moja filimbi ya mbio inapigwa. Jumla hata saa 5 hazifiki, tena zimekatwa vipande viwili. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Simu ni sehemu ya tatizo, nakubali, lakini hata ukizinyang'anya zote leo jioni kijana huyu bado hatafikisha saa 5 na nusu.

Ndipo kopo linapoingia. Kafeini haileti nguvu yoyote. Inachofanya ni kukaa kwenye vishikizo vya ubongo ambavyo adenosini ingekalia, hivyo uchovu upo palepale ila kengele yake imezibwa. Nusu ya kafeini hubaki mwilini takribani saa 5 baada ya kunywa. Anayekunywa kopo saa mbili usiku ili awe macho lindoni, saa saba usiku bado ana nusu yake, kisha anashangaa usingizi hauji. Wamarekani waliwahoji askari wao waliokuwa Afghanistan mwaka 2010: karibu asilimia 45 walikuwa wakinywa angalau kinywaji kimoja cha namna hii kwa siku. Waliokunywa vitatu au zaidi ndio walioelekea zaidi kulala saa 4 au pungufu, na ndio hao hao waliosinzia zaidi kwenye mikutano na lindoni. Mzunguko ni huo.

Nafanya kazi na wanajeshi, kwa hiyo sitakuambia lindo lifutwe. Panga zamu upya. Watu walewale wakae lindo la usiku wa manane siku kadhaa mfululizo, wasirukeruke kati ya zamu, maana mwili una saa yake na kila ukiihamisha unaivuruga. Aliyetoka lindo baada ya saa sita usiku asiitwe kwenye mbio za alfajiri. Afanye mazoezi yake alasiri. Pale hali inaporuhusu, wape nusu saa ya kulala mchana, na uiandike kwenye ratiba kama unavyoandika usafi wa silaha, la sivyo itamezwa na kazi ndogondogo. Kafeini iwe silaha ya lindo tu: kiasi kidogo mwanzoni mwa zamu, na mwiko katika saa 6 kabla ya kulala. Mtu mzima mwenye afya asivuke miligramu 400 kwa siku, na kopo kubwa moja mara nyingi lina miligramu 160 au zaidi, kwa hiyo matatu tayari yamemvusha.

Tuje kwenye miguu, na hapa ndipo nitakapochukua muda, kwa sababu ndipo nia njema inapoumiza watu wengi zaidi.

Kilomita 8 kwa mwendo wa dakika 50 ni kama hatua 8,000. Kila mguu unapotua unapokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Siku sita kwa wiki ni hatua 48,000, mbali na gwaride, doria na kubeba shanta. Mfupa si chuma. Ni kitu hai kinachojijenga upya kila unapopewa kazi mpya. Lakini kujijenga kwake kuna mpangilio: kwanza seli maalumu huchimba sehemu iliyochoka, kisha seli nyingine hujaza pale palipochimbwa. Kuchimba huchukua wiki chache, kujaza huchukua miezi. Ina maana kuna kipindi, hasa wiki ya tatu na ya nne baada ya kuongeza kazi ghafla, ambapo mfupa ni dhaifu kuliko siku ulipoanza. Ukizidi kuugonga kipindi hicho unapata nyufa. Daktari wa kijeshi wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, aitwaye Breithaupt aliandika juu ya miguu inayovimba na kuuma ya askari waliotembea masafa marefu tangu mwaka 1855, miaka 40 kabla ya picha za eksirei kugunduliwa. Ni ugonjwa wetu wa siku nyingi.

Na dawa yake? Jeshi la Israeli lilihangaika nao kwa miaka 25. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2008, madaktari wake walieleza kwamba kuhakikisha kuruta analala angalau saa 6, pamoja na kupunguza jumla ya kilomita za kutembea, kulishusha nyufa hizo kwa zaidi ya asilimia 60. Usingizi, afande, ndani ya habari ya mifupa! Mwili hujikarabati mtu akiwa amelala. Hao saba walioko kwenye orodha ya wagonjwa wanaumwa miguu, na kwa kiasi fulani wanaumwa lindo.

Kuna dosari nyingine kwenye mbio zenu. Kundi la watu 32 likikimbia kwa kasi moja, kasi hiyo haimfai karibu yeyote. Wa nyuma wanakimbia kwa nguvu zao zote kila siku bila siku ya kupumua, na ndio wanaovunjika. Wa mbele wanatembeatembea tu, hawapati kitu. Ndiyo maana unaweza kukimbiza watu kilomita 48 kwa wiki na bado watano wakashindwa kipimo.

Ningekuwa wewe, ningekimbia siku tatu. Ningewagawa makundi matatu kwa muda waliopata kwenye kipimo, kila kundi na kasi yake. Siku moja kati ya hizo iwe ya vipande vifupi vya kasi na mapumziko katikati, maana hivyo ndivyo pumzi inavyopanuka bila kulundika kilomita. Siku mbili ziwe za nguvu: kuchuchumaa, kunyanyua, kubeba mzigo, kujivuta kwenye chuma. Siku ya matembezi marefu na shanta isiwe siku ya mbio. Mzigo uongezwe kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Lile la kukimbia wote pamoja lina thamani yake, na silidharau; linajenga umoja. Lihifadhi kwa siku moja, kwa kasi ya yule wa mwisho, na muimbe.

Nikuonye mapema: miezi miwili ya kwanza utaulizwa na wakubwa kwa nini watu wako wanakimbia kidogo kuliko platuni ya jirani. Usibishane kwa maneno. Weka daftari. Andika kila wiki ni wangapi wako kwenye orodha ya wagonjwa, ni siku ngapi za kazi zimepotea, na muda wa kila kundi. Nenda kwa kamanda wa kombania na daftari hilo, tena nenda kabla hujaanza, umwombe wiki nane. Makamanda wengi niliokutana nao hukataa wazo, lakini hukubali jaribio lenye tarehe ya mwisho.

Kuhusu adhabu ya pushapu na mbio, nina sababu mbili za kuipinga, na ya kwanza ni ya hatari. Misuli ikilazimishwa ghafla kufanya kazi kupita uwezo wake, hasa kwenye joto au kwa mtu asiyelala, nyuzi zake hupasuka na kumwaga ndani ya damu vitu vinavyoziba na kuharibu figo. Mkojo hugeuka rangi ya kahawa iliyokolea. Hutokea kwa vijana wenye afya kamili, na adhabu za mazoezi ni moja ya njia zinazojulikana za kufikia hapo. Sababu ya pili ni hii: unataka kijana wako apende kukimbia hata siku akiwa likizo, lakini umemfundisha kwamba kukimbia ni malipo ya kosa. Hayo mawili hayakai pamoja kichwani mwa mtu. Kosa la nidhamu liadhibiwe kwa njia nyingine iliyo halali kwenye kanuni zenu. Mazoezi yaache yawe mazoezi.

Somo la Ijumaa halina ubaya, ila usilitegemee. Hakuna askari wako asiyejua kwamba sigara ina madhara. Tabia haijengwi na kujua. Inajengwa na jambo kurudiwa mahali palepale, wakati uleule, mpaka lisihitaji tena kufikiriwa. Utafiti mmoja uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba, kwa wastani, ilichukua siku 66 tabia mpya kujiendesha yenyewe. Kwa wengine siku 18, kwa wengine zaidi ya 250. Ndiyo maana nasema wiki nane, na ndiyo maana nasema jambo moja baada ya jingine. Anza na zamu za lindo. Wiki tatu baadaye gusa mbio. Kopo na sigara vifuate.

Kuna kisa kinachonisaidia kila ninapozungumza na viongozi wa vikosi. Katika karne ya 19 wanamaji wa Japani walikuwa wakiugua kwa wingi beriberi, ugonjwa wa neva na moyo unaoletwa na upungufu wa vitamini B1. Mwaka 1883 meli yao iitwayo Ryujo ilirudi kutoka safari ndefu: kati ya mabaharia 376, waliougua walikuwa 169, na 25 walifariki. Daktari wao mkuu, Takaki Kanehiro, alihisi chanzo ni chakula, kilichokuwa mchele mweupe karibu mtupu. Hakuwapa mabaharia mihadhara. Alipigania mwaka uliofuata meli ya pili, Tsukuba, ipite njia ileile ikiwa na chakula tofauti, chenye nyama zaidi, maharagwe na shayiri. Wachache tu waliugua na hakufa hata mmoja kwa beriberi. Vitamini hazikuwa zimegunduliwa, na maelezo yake ya kisayansi yalikuja kuonekana si sahihi kamili, lakini alibadilisha kilichokuwa kwenye sahani na watu wakapona. Jikoni kwenu huna sauti yote, najua. Muulize tu msimamizi wa mesi mambo mawili: je, matunda na mboga vinaweza kuwa mwanzo wa foleni badala ya mwisho, na je, aliyetoka lindo anaweza kukuta chakula halisi badala ya kantini iliyojaa makopo.

Uzito sitauongelea sana. Kama kikosi chenu hupima uzito, kataza kabisa kujikausha maji na kujifunga nguo nzito ili kushusha kilo siku ya kupimwa. Wanaojaribu hivyo huzimia mazoezini.

Sasa sigara, na hapa nazungumza nawe zaidi kuliko nao. Uliliandika jambo hilo kwa maneno matatu tu, "na mimi navuta", lakini uliliandika. Wavutaji wengi jeshini huamini sigara inatuliza neva. Kinachotokea ni kwamba nikotini hushuka haraka mwilini, nusu yake ikiondoka katika takribani saa 2, na ubongo uliozoea huanza kudai: hasira, mikono kutotulia, akili kutangatanga. Sigara inayofuata inanyamazisha dai ambalo sigara iliyopita ndiyo iliyolileta. Jeshi nalo lina mkono wake katika hili. Marekani iliendelea kuweka sigara kwenye pakiti za chakula cha askari mpaka mwaka 1975. Vidonda vya mvutaji hupona polepole, na wavutaji huumia mazoezini zaidi ya wenzao, kwa hiyo hata orodha yako ya wagonjwa ina moshi ndani yake.

Ukiacha, siku tatu za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na kufikia wiki ya nne dhiki kubwa huwa imepita. Dawa za kusaidia zipo, za kubandika, za kutafuna na za vidonge, na huongeza nafasi ya kufaulu; daktari wa kikosi atakuchagulia. Usiwaamuru askari waache. Waambie asubuhi moja kwenye paredi kwamba wewe unaacha, taja tarehe, na waombe wanaotaka wajiunge. Ukiteleza, waambie pia. Sijaona bango lolote ukutani linalofanya kazi hiyo.

Yapo mambo ambayo ratiba haiyatibu, na mtu anapaswa kuonwa na daktari ana kwa ana. Maumivu yanayokaa nukta moja juu ya mfupa, ambayo kidole kinaweza kuionyesha, yanayouma hata usiku au mtu akirukaruka kwa mguu mmoja: huyo aache kukimbia leo hiihii, asisubiri wiki iishe. Mkojo wa rangi ya kahawa pamoja na misuli kuuma na kukaza: hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua au kuzimia katikati ya mbio, vivyo hivyo. Anayekoroma sana na kusinzia mchana hata akilala vya kutosha, naye achunguzwe.

Na anayechanganyikiwa, anayepepesuka au kuropoka kwenye joto ni dharura ya dakika. Mvue mzigo na nguo, mtumbukize kwenye maji baridi kama yapo, au mmwagie maji mfululizo huku mkimpepea, msaada ukiwa njiani. Mpoze kwanza, ndipo umsafirishe. Usimlazimishe kunywa. Na kwa wote, siku za joto, maji yasizidi takribani lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na yameua askari pia.

Nimewaacha wale wawili kwa makusudi, kwa sababu wao hawangoji wiki nane. Askari bora akinyamaza na kuanza kunywa, kunywa kwenyewe mara nyingi ni jaribio la kujitibu: hawezi kulala, au kuna alichokiona, au kuna jambo nyumbani. Pombe humlaza haraka kisha humkatia usingizi usiku wa manane, na kesho yake anahitaji zaidi. Usimwite mbele ya wenzake, wala usianze na pombe. Mwite mmoja mmoja leo, mtembee, umwambie ulichokiona: "Zamani ulikuwa wa kwanza kufika uwanjani, siku hizi sikuoni. Kuna nini, mdogo wangu?" Kisha nyamaza umsikilize. Kama umeona dalili za kukata tamaa, muulize wazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi linamtua mzigo. Akijibu ndiyo, au akisitasita kwa namna inayokutia shaka, usimwache peke yake, na silaha iwekwe ghalani bila kelele na bila kumfedhehesha. Na kama mikono inamtetemeka asubuhi asipokunywa, asiache pombe ghafla bila daktari, kwani kuacha ghafla kunaweza kumletea kifafa.

Atakuogopesha kwa kusema kwamba akienda zahanati kazi yake imekwisha. Usimwahidi kitu usichokuwa na mamlaka nacho. Mwambie utakwenda naye, kisha uende kweli, ukae naye kwenye benchi mpaka atakapoitwa ndani.